Vichujio Viwili na Giza Linalodanganya
Mwanga wa jua ni mawimbi yanayotetemeka kuelekea pande nyingi. Kichujio cha polaraizi, kama kilichomo katika baadhi ya miwani ya jua, hupitisha mtetemo wa upande mmoja tu. Hivyo hata kilicho bora kabisa hupitisha nusu ya mwanga. Tukiweka cha pili mbele yake na kukizungusha, mwanga hufuata kanuni ya Mfaransa Étienne-Louis Malus, wa mwanzoni mwa karne ya 19: kwenye nyuzi 60 hubaki robo ya uliopita cha kwanza, kwenye nyuzi 90, giza. Lakini tusidanganyike. Mionzi ya joto, isiyoonekana, huweza kupenya bado. Basi tusivitumie kutazama kupatwa kwa jua: jicho huungua ndani bila maumivu.