Potasiamu haijapotea, imehama

Kijana wa Kijapani mwenye nguvu zake anashindilia wali jioni, analala, na alfajiri miguu inagoma. Anaongea vizuri, uso haujapinda, lakini mapaja hayainuki. Nyumbani watadhani kiharusi. Damu ikipimwa, potasiamu imeshuka chini ya milimoli 3 kwa lita, ilhali kiwango cha kawaida ni 3.5 hadi 5. Chanzo kiko shingoni: tezi ya thairoidi inayomwaga homoni kupita kiasi.

Wengi hudhani potasiamu ikipungua kwenye damu imetoka kwa mkojo au kuhara. Hapa haikutoka. Karibu asilimia 98 ya potasiamu ya mwili hukaa ndani ya seli, hasa za misuli, ikivutwa humo na pampu ndogo zilizo kwenye utando wa seli. Homoni za thairoidi huzichochea pampu hizo, na insulini inayopanda baada ya mlo wa wanga huzidisha mvuto. Mwaka 2010 watafiti waligundua kuwa baadhi ya wagonjwa wana hitilafu kwenye jeni ya KCNJ18, inayohusika na njia ya potasiamu kutoka kwenye misuli. Basi potasiamu inaingia kwa kasi, kutoka inashindwa, na msuli hauitikii tena amri ya neva.

Ajabu ni kwamba maradhi ya thairoidi huwapata zaidi wanawake, lakini kupooza huku ni kwa wanaume kwa zaidi ya asilimia 90. Nchini China na Japani, kupooza huku huwapata takriban wagonjwa 2 kati ya 100 wenye thairoidi iliyozidi. Kwingineko ni nadra, ingawa hakuna taifa lililo salama kabisa.

Kinachoua ni moyo kupoteza mdundo wake potasiamu inaposhuka. Potasiamu hutolewa, lakini kwa kiasi, kwani iliyojificha itarudi kwenye damu na kuzidi. Dripu ya glukosi huongeza balaa. Dawa ya propranolol husaidia kutuliza shambulio, ila tiba ya kweli ni kuidhibiti tezi kwa dawa ya carbimazole, iodini yenye mionzi au upasuaji.

Ukipooza ghafla, wahi hospitali. Na potasiamu ikikutwa chini, usiondoke kabla thairoidi haijapimwa.