Kipimo cha choo ambacho hatukiombi

Yamkini hakuna kipimo kinachofahamika zaidi katika zahanati zetu kuliko kile cha choo. Mgonjwa hukabidhiwa kikopo, hukirejesha dirishani kwa soni, na baada ya muda huarifiwa kwamba ana amiba, ana minyoo, au hana chochote. Wengi hutoka hapo wakiwa wametulia, wakidhani kuwa choo chao kimeeleza yote. Sivyo hata kidogo. Mpimaji wa maabara hujibu swali aliloulizwa. Akiagizwa atafute minyoo na mayai yake, atayatafuta hayo kwa hadubini. Damu iliyofichika ndani ya kinyesi, ambayo huenda ikawa dalili ya saratani ya utumbo mpana, hataipima maadamu hakuna aliyemwagiza.

Msomaji atakumbuka kwamba mnamo Julai 26, 2019, Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra, aliaga dunia akiwa na umri wa miaka 41. Mapema mwaka huo alikuwa ametangaza hadharani kwamba saratani ya utumbo mpana aliyougua ilikuwa imefikia awamu ya nne. Kifo chake kilituonyesha kuwa maradhi haya si ya wazee peke yao.

Ajabu ni kwamba saratani hii hutupa muda wa kuizuia. Aghalabu huanza kama kijinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, ambacho huweza kuchukua miaka 10 au zaidi kabla ya kugeuka kuwa saratani. Katika kipindi hicho, kijinyama hicho huweza kudondosha damu kidogo kidogo, kiasi kisichoonekana kwa macho. Hapo ndipo maabara inapohitajika.

Kipimo cha kale hutumia karatasi iliyotiwa utomvu wa mti wa gwayakamu. Kinyesi hupakwa juu yake, hutonwa dawa, na penye damu hugeuka rangi ya samawati. Kasoro yake ni kwamba hata damu ya nyama ya ng'ombe aliyoila mgonjwa huweza kukihadaa. Kipimo cha kisasa hutumia kingamwili zinazotambua damu ya binadamu pekee, na hakimlazimishi mtu kuacha chakula chochote. Mnamo 1993 watafiti wa Minnesota, Marekani, walitangaza kuwa vifo vitokanavyo na saratani hii vilipungua kwa thuluthi moja miongoni mwa watu waliopimwa damu iliyofichika kila mwaka. Kilichotumika ni kile kile kipimo cha kale.

Aidha, kuna kipimo cha kawaida cha damu. Mwanamume mzima, au mwanamke aliyekwisha koma hedhi, akipatikana na upungufu wa damu uliosababishwa na ukosefu wa madini ya chuma, kumpa vidonge vya kuongeza damu bila kuuliza damu yake inakwenda wapi ni sawa na kujaza maji mtungi unaovuja.

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba kila kipimo chenye jina kubwa ndicho kitakachomfaa. Mnamo 1965, Phil Gold na Samuel Freedman waligundua, mjini Montreal, protini iitwayo CEA ambayo huongezeka katika damu ya baadhi ya wagonjwa wa saratani hii. Lakini protini hiyo huongezeka pia kwa wavutaji sigara, na huenda isiongezeke kamwe saratani ikiwa changa. Manufaa yake makubwa ni kumfuatilia mgonjwa baada ya upasuaji, wala si kumtafuta aliye mgonjwa miongoni mwa wazima.

Uamuzi wa mwisho huwa wa mwanapatholojia. Kamera nyembamba huingizwa utumboni, kipande kidogo cha nyama hukatwa, huhifadhiwa katika formalini, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba mno, hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Bila ya hayo, hakuna anayepaswa kuambiwa kwa yakini kwamba ana saratani hii.

Kuna watakaouliza: ya nini kupima choo ilhali kamera hizo ni adimu na ghali? Swali hilo lina uzito. Lakini uhaba wa kamera ndio unaotulazimu kujua ni nani anayestahili kutangulizwa. Mnamo 2023 madaktari wa Uingereza walishauriwa kutumia kipimo hiki cha choo kuamua ni wagonjwa gani wenye dalili wapelekwe haraka kwa uchunguzi zaidi. Ikiwa nchi tajiri inapanga foleni yake kwa kikopo cha choo, sisi tunangoja nini? Serikali za kaunti, ambazo zahanati zimekuwa mikononi mwao tangu 2013, hazina budi kukiweka kipimo hiki karibu na mwananchi, na kuhakikisha anayepatikana na damu ana mahali pa kupelekwa.

Nasi tuache haya. Anayeona damu chooni asijitibu bawasiri mwaka mzima, na ambaye tumbo lake limebadilika kwa majuma mengi asiridhike kwa kuambiwa hana minyoo, wala asiache kurudi kwa daktari hata kipimo cha damu kisipoonyesha kitu. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ukikabidhiwa kikopo tena, uliza kitapimwa nini.