Mazoezi Yenye Lengo: Jinsi Misuli Inavyojengwa

Misuli ya mtu mzima hukua hasa kwa nyuzi zake kunenepa, wala si kwa nyuzi hizo kuongezeka idadi. Ndani ya kila uzi mna protini mbili, aktini na miosini, ambazo huvutana na kuufanya msuli ukaze. Uzi unapovutwa na mzigo ulio karibu na mwisho wa uwezo wake, seli hupata ishara ya kutengeneza protini zaidi, na ujenzi huo huendelea kwa siku moja au mbili baada ya mazoezi kwisha. Kazi nyepesi haitoi ishara hiyo kwa kiwango cha kutosha, hata jasho likitiririka kwa saa mbili. Ndiyo maana jimu nyingi zina watu wanaohudhuria mwaka baada ya mwaka, tena kwa bidii, na miili yao haibadiliki. Wanachoka kila siku, lakini misuli yao haijapewa sababu ya kukua.

Maelezo ya jambo hili yamo katika neva. Kila neva inayoendesha msuli ina fungu lake la nyuzi. Yako mafungu madogo yasiyochoka upesi, na yako makubwa yenye nguvu nyingi. Elwood Henneman wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika kazi alizoanza kuzichapisha mwaka 1957, alionyesha kwamba neva huitwa kazini kwa kufuata ukubwa: ndogo kwanza, kubwa baadaye, pale tu kazi inapozidi kuwa nzito. Nyuzi za yale mafungu makubwa ndizo zenye nafasi kubwa zaidi ya kunenepa, na mwili hauzigusi bila kulazimishwa. Zinaweza kufikiwa kwa kubeba uzito mkubwa tangu rudio la kwanza, au kwa kubeba uzito wa kadiri mpaka zile ndogo zichoke na kuomba msaada. Majaribio ya karibuni yamethibitisha hili: mzigo wa asilimia 30 tu ya uzito wa juu kabisa ambao mtu anaweza kuunyanyua mara moja unaweza kukuza misuli sawa na mzigo wa asilimia 80, mradi seti ifikishwe karibu na kushindwa. Kwa anayetafuta nguvu zaidi kuliko ukubwa, mzigo mzito bado ndio bora.

Kwa hiyo ukali wa zoezi haupimwi kwa kelele wala kwa kasi. Unapimwa kwa marudio yaliyobaki kabla ya mtu kushindwa kabisa. Seti inayosimama wakati bado mtu angeweza kurudia mara nane imekaribia kuwa ya kupasha mwili moto. Inayosimama akiwa amebakiza rudio moja hadi matatu imefanya kazi yake. Dalili yake ni wazi: chuma kinapanda polepole ingawa mtu anasukuma kwa nguvu zake zote, na mwendo wa mwili haujaharibika. Mgongo ukianza kupinda au chuma kikianza kurushwa, seti imekwisha, kwa sababu mzigo umehamia kwenye viungo visivyokusudiwa. Wengi hudhani wamefika kikomo mapema mno, hasa wanaoanza. Dawa yake ni kufika kikomo chenyewe mara mojamoja, katika zoezi lisilo la hatari kama pushapu, ili mtu akijue kilipo.

Kanuni ya kuongeza mzigo hatua kwa hatua ilipata msingi wake wa kitabibu wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hospitali za jeshi la Marekani zilijaa askari walioumia miguu, na matibabu ya kawaida yalikuwa kurudia mara nyingi zoezi jepesi. Thomas DeLorme, daktari kijana aliyekuwa katika Hospitali ya Gardiner mjini Chicago, alikuwa mnyanyua vyuma tangu ujana wake, alipopona homa ya baridi yabisi. Aliona kwamba misuli iliyonywea haiwezi kurudi kwa kazi isiyoisumbua. Akawafunga wagonjwa kiatu cha chuma chenye vipande vya uzito, akatafuta mzigo ambao kila mmoja aliweza kuunyanyua mara 10 na si zaidi, kisha akaupima upya na kuupandisha kadiri mgonjwa alivyopata nguvu. Matokeo aliyachapisha mwaka 1945. Mwanzoni aliwapa seti nyingi, 7 hadi 10. Mwaka 1948, akishirikiana na Arthur Watkins, alipunguza hadi 3, baada ya kuona kwamba chache zinatosha. Seti 3 za marudio 10 zinazoandikwa hadi leo kwenye kuta za jimu duniani kote zina asili hiyo. Bahati mbaya, wengi wamechukua hesabu na kuacha kiini chake, yaani kuupandisha mzigo kila nguvu inapoongezeka.

Kiini hicho hakishikiki bila daftari. Anayeandika kwamba Jumatatu alibeba kilo 40 mara 9 anajua kazi yake ya Jumatatu ijayo: mara 10, au kilo 42 na nusu. Dorian Yates wa Birmingham, Uingereza, aliyetwaa taji la Mr. Olympia mara 6 mfululizo kuanzia 1992 hadi 1997, alisifika kwa seti chache za kufikia kikomo na kwa kumbukumbu za maandishi alizozitunza tangu alipoanza. Mwili wake hauwezi kuwa kipimo cha msomaji wa kawaida, maana alitumia pia dawa za homoni, kama alivyokiri mwenyewe, na dawa hizo zina madhara kwa moyo, ini na uzazi. Daftari lake, hata hivyo, linaigika na halina gharama. Kuhusu wingi wa seti, tafiti zinaonyesha kwamba takriban 10 kwa kila msuli kwa wiki huzaa zaidi kuliko chini ya 5, mradi ziwe seti za kweli, na mapumziko kati yake yawe ya dakika mbili au tatu ili nguvu irudi.

Kukosa vifaa vya kisasa si kikwazo. Vyuma vya zege vilivyomiminwa kwenye makopo na kuunganishwa kwa bomba vimejenga vifua vingi Afrika Mashariki, kwa kuwa msuli hautambui bei ya mzigo. Shida yake ni kwamba uzito wake haubadiliki. Dumu la maji ni bora kwa hilo: lita moja ina uzito wa kilo moja, hivyo dumu la lita 20 linaweza kuanza na lita 8 na kuongezwa nusu lita kila baada ya siku kadhaa. Pushapu nazo huwa ngumu zaidi miguu inapowekwa juu ya benchi, au begi la mchanga linapowekwa mgongoni.

Zoezi hutoa ishara tu. Ujenzi unahitaji chakula na usingizi. Kiasi cha protini kinachotosha kwa anayejenga misuli ni kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, yaani gramu 96 kwa mtu wa kilo 60. Yai moja lina gramu 6 hivi, na dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Ukiongeza maharage, maziwa na karanga, kiasi hicho kinafikika bila kopo la unga wa kuagizwa. Maumivu ya siku ya pili si kipimo cha maendeleo. Huja zaidi kwa zoezi geni na hupungua mwili ukizoea, wakati misuli inaendelea kukua. Lakini mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi mazito, hiyo ni dalili ya misuli kuvunjika na figo kuwa hatarini, na mtu afike hospitali siku hiyohiyo.

Haya yote hayawahusu vijana peke yao. Mwaka 1990 watafiti wa Boston walichapisha habari za wazee 10 wa makao ya kutunzia wazee, wenye wastani wa umri wa miaka 90, waliofunzwa kunyanyua mizigo mizito kwa miguu mara tatu kwa wiki, ikifikia asilimia 80 ya uwezo wao. Baada ya wiki 8, nguvu za miguu za waliomaliza zilikuwa zimeongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na misuli ya mapaja imenenepa kwa asilimia 9. Shirika la Afya Duniani linawataka watu wazima wote, wanawake kwa wanaume, wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli mikubwa angalau siku mbili kwa wiki. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo aanze kwa kumwona daktari, kisha aanze.