Saratani ya Tumbo Inaporejea kwenye Tezi: Nafasi ya Tiba Lengwa ya Mionzi

Mgonjwa aliyeondolewa saratani ya tumbo kwa upasuaji hurudi nyumbani, Kayanga au Murongo, akitumaini kwamba ugonjwa umekwisha. Hata hivyo, kwa wagonjwa wengi saratani hiyo hurejea, hasa katika miaka 2 au 3 ya mwanzo. Miongoni mwa mahali inapojitokeza ni tezi za limfu, ambazo wengi huziita mitoki.

Tezi hizo huchuja majimaji ya mwili. Kabla ya upasuaji, chembe chache za saratani huweza kusafiri na majimaji hayo na kujificha kwenye tezi za nyuma ya tumbo, kandokando ya mshipa mkuu wa damu. Kwa kuwa mfereji mkuu wa limfu humwaga majimaji yake upande wa kushoto wa shingo, saratani hiyo huweza pia kuonekana kama uvimbe mgumu usiouma juu ya mtulinga wa kushoto.

Hapa mhudumu wa zahanati anapaswa kuwa makini. Uvimbe wa shingoni mara nyingi hudhaniwa kuwa kifua kikuu cha tezi, na kweli huweza kuwa hivyo. Lakini mtu aliyewahi kutibiwa saratani ya tumbo asianzishiwe dawa za kifua kikuu kwa kukisia. Apewe rufaa ili uvimbe uchukuliwe kinyama na kupimwa.

Tezi zilizoathirika zikiwa chache, na ini, mapafu na utando wa tumbo vikiwa salama, madaktari bingwa huweza kufikiria tiba lengwa ya mionzi, mara nyingi pamoja na dawa za saratani. Picha za CT huonyesha tezi ilipo. Kisha miale huelekezwa kutoka pembe mbalimbali ili ikutane juu ya tezi. Hapo huharibu vinasaba vya chembe za saratani zisiweze kuzaliana, huku utumbo, figo na uti wa mgongo vikipata kiasi kidogo kadiri iwezekanavyo.

Kwa kawaida mgonjwa hupewa grei 1.8 hadi 2 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa takribani wiki 5. Ipo pia mionzi ya usahihi mkubwa inayotolewa kwa vipindi vichache vya dozi kubwa, ila hufaa tu tezi ikiwa ndogo na mbali na utumbo. Kwa baadhi ya wagonjwa tiba hii hudhibiti ugonjwa kwa muda mrefu. Si ahadi ya kupona. Saratani ikiwa imesambaa, mionzi ya siku chache bado huweza kupunguza maumivu au kutokwa damu.

Nchini Tanzania, tiba ya mionzi hutolewa katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, na katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996. Kabla ya safari, mgonjwa aandaliwe ripoti ya upasuaji, majibu ya kinyama, picha na orodha ya dawa alizotumia. Familia ipange mapema nauli, malazi na mtu wa kuangalia shamba, hasa msimu wa kuvuna kahawa, kwa sababu kukatisha tiba katikati huzipa chembe za saratani nafasi ya kukua tena.

Uchovu, kichefuchefu na kuharisha hutokea wakati wa tiba. Milo midogo ya mara kwa mara, kama uji au ndizi laini, husaidia, pamoja na dawa za kuzuia kutapika. Aliyeondolewa tumbo lote aendelee na sindano za vitamini B12. Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami au homa, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo, asingoje tarehe ya kliniki.