Omba Muhtasari kwa Maandishi

Mazimbu, kata ya Manispaa ya Morogoro, ina historia iliyotunzwa vizuri kwenye karatasi. Wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini walipewa hapa shamba la zamani la mkonge mwaka 1977, wakajenga shule iliyokuja kuitwa kwa jina la mwenzao Solomon Mahlangu. Mwaka 1992 waliikabidhi kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mafaili ya shule yalihifadhiwa Chuo Kikuu cha Fort Hare, Afrika Kusini, na watafiti wanayasoma.

Sasa mchukue mkazi wa Mazimbu anayetaka kusoma muhtasari wa mkutano wa mtaa wake wa juzijuzi. Aanzie wapi?

Wengi tunadhani haki yetu ni kuhudhuria tu. Tunaitwa, tunasomewa mapato na matumizi harakaharaka, tunanyoosha mikono, tunatawanyika. Baraza la madiwani nalo hukaa hadharani, ingawa mambo mazito huwa yameshachambuliwa kwenye kamati, ambako mwananchi haingii. Kuhudhuria ni jambo jema, lakini aliyesikia takwimu mara moja hawezi kuzibana miezi mitatu baadaye. Anayeweza ni mwenye karatasi mkononi.

Haki ya karatasi ipo. Ibara ya 18 ya Katiba inatambua haki ya kupewa taarifa, na mwaka 2016 Bunge lilitunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, inayotumika Tanzania Bara. Sheria hiyo inamruhusu raia kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma, na pia taasisi binafsi inayotumia fedha za umma. Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30 tangu ilipopokea ombi. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka huohuo, iliweka siku 21, nami naona siku 30 ni nyingi mno kwa karatasi iliyo kwenye kabati la pili. Asiyeweza kuandika anaruhusiwa kuomba kwa mdomo, na afisa ndiye wa kuliandika ombi lake.

Zipo taarifa zinazoweza kuzuiwa: za usalama wa taifa, za faragha ya mtu, zinazoweza kuharibu uchunguzi. Matumizi ya fedha za ukarabati wa choo cha shule hayamo katika orodha hiyo. Ukinyimwa, unamwomba mkuu wa taasisi apitie upya uamuzi, kisha unaweza kukata rufaa kwa Waziri.

Kwa nyaraka za zamani kuna njia nyingine. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inafungua nyaraka za Serikali zikitimiza miaka 30, isipokuwa zilizowekewa zuio. Kwa hesabu hiyo, karatasi za Serikali kuhusu makabidhiano ya Mazimbu ya 1992 zilifikia umri huo mwaka 2022. Vijana wa Mazimbu wanaosoma historia wasingoje mgeni aje awasimulie.

Tukirudi kwenye muhtasari wa mtaa, barua ya kuuomba ni fupi. Taja jina lako na anwani, kisha andika: “Naomba nakala ya muhtasari wa mkutano wa wakazi uliofanyika tarehe fulani, pamoja na taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka iliyosomwa siku hiyo.” Taja karatasi unayoitaka na tarehe yake. Ukiandika “taarifa zote za mtaa” unampa afisa sababu ya kukurudisha. Huna haja ya kugomba wala kumtuhumu mtendaji wa mtaa. Watendaji wengi hawajawahi kupokea barua ya namna hii na watahitaji uvumilivu wako.

Chapa nakala mbili. Moja iache ofisini, na ya pili usiondoke nayo mpaka igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, maana siku 30 zinahesabiwa kuanzia hapo.