Minara ya Chuma ya Ufipa

Leo twataka kueleza habari za minara ya udongo ya Ufipa. Mtu aliyetembea katika nchi yetu ya juu, kati ya Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika, huenda ameiona: minara mirefu kupita kimo cha mtu, mingine ingali mizima, mingine imebaki nusu, na miti imeota ndani yake. Mgeni hudhani ni vichuguu. Sivyo, ingawa udongo wake ni wa kichuguu. Wafipa huiita malungu, na mmoja huitwa ilungu. Ni matanuru ambayo wazee wetu walitumia kupata chuma katika mawe.

Yafaa tuanzie Milanzi. Wazee husimulia kwamba Milanzi ndio utawala wa kwanza wa Ufipa, na mtawala wa kwanza aliitwa Ntatakwa. Watu wake walikuwa wafua chuma. Siku moja, mtawala alipokuwa ametoka kwenda kuwinda, walifika wanawake watatu wageni wa ukoo wa Watwa (msomaji asiwachanganye na Watwa wa misitu ya Kongo), na mmoja wao akakikalia kiti cha enzi. Mtawala aliporudi hakushika mkuki. Walipatana: Watwa wakachukua nchi, na Milanzi ikabaki na eneo lake dogo na heshima yake kubwa. Katika ukoo huo wa Watwa zikatokea tawala mbili, Nkansi na Lyangalile.

Je, habari hii ni kweli? Mchimbaji wa mambo ya kale hana jembe la kufukulia maneno ya watu. Lakini masimulizi yenyewe yatupa jambo la kutafuta: yasema kwamba kabla ya wageni kulikuwa na wafua chuma. Na chuma, tofauti na maneno, huacha takataka.

Basi tutazame jinsi kazi ilivyofanyika. Ilungu lilikuwa na kimo cha futi 10 hivi, yaani meta 3, nyembamba juu na pana chini. Chini kabisa palikuwa na matundu pande zote, na katika matundu hayo ilitiwa mirija ya udongo. Tanuru lilijazwa makaa na mawe ya chuma, likawashwa. Hapakuwa na mivukuto. Moto ukipanda juu, hewa ya baridi huvutwa chini kwa nguvu zake yenyewe, kama vile moshi uvutwavyo katika dohani ndefu. Ndiyo maana tanuru lilikuwa refu. Urefu ule si mapambo, ni mvukuto. Jiwe la chuma ni chuma kilichoungana na oksijeni, yaani ile hewa tuipumuayo. Makaa yakiungua kwa moto mkali, hutoa hewa inayoinyang'anya chuma ile oksijeni. Uchafu wa jiwe huyeyuka ukatiririka, na chuma hubaki donge lenye matundu-matundu. Donge hilo bado halifai kwa jembe. Hutiwa tena katika tanuru dogo liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto hutumika. Kisha ndipo nyundo huanza.

Kazi hii ilikuwa na miiko. Fundi mkuu alikuwa na kikapu cha dawa, intangala, na tanuru jipya lilitendewa kama bibi arusi. Wafanya kazi walijitenga na wake zao siku za kazi. Sisi tuliosomeshwa na mapadre tulizoea kuyacheka mambo haya, tukaona ni ushirikina mtupu. Siku hizi twaona kwamba tulicheka upesi mno. Kazi ya kukata miti, kuchoma makaa, kuchimba mawe na kukesha motoni yataka watu wasiotawanyika, na miiko iliwafunga pamoja. Tena waliitazama kazi kama uzazi, kwa kuwa tanuru hubeba kitu ndani na kukitoa. Padre Wyckaert wa Mapadre Weupe aliandika habari za wafua chuma hawa mwaka 1914 katika jarida la Anthropos, naye Bwana Greig aliandika nyingine mwaka 1937. Kama hawakuandika, mengi tungeyakosa, kwani majembe ya kigeni yalipoenea, mafundi waliacha kazi, na wana wao hawakurithi kikapu.

Sasa mtu atauliza: mnajuaje umri wa tanuru lisilo na maandishi? Hujulikana kwa makaa. Mti ukiwa hai huvuta hewani namna ya kaboni isiyodumu. Ukikatwa hauvuti tena, na kaboni ile hupungua polepole kwa kipimo kinachojulikana: baada ya miaka 5,730 hubaki nusu. Bwana Libby wa Chicago alitangaza njia hii mwaka 1949. Kipande cha mkaa kilichonaswa katika mavi ya chuma chaweza kutoa jawabu, lakini kwa sharti kwamba hakijaondolewa mahali pake. Mkaa uliookotwa njiani hausemi lolote.

Kwa njia za namna hii Bertram Mapunda, mtaalamu wa Tanzania, alichunguza ufuaji chuma wa Ufipa katika miaka ya 1990. Aliona kwamba malungu si kazi ya kwanza. Mengi ya hayo ni ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Kabla yake palikuwa na matanuru mengine, mafupi, yaitwayo katukutu. Kwa hiyo chuma cha Ufipa si habari ya fundi mmoja wala ukoo mmoja. Watu walikuja, wakaleta njia yao, wakajifunza kwa wenzao.

Na kabla ya chuma? Twende Kalambo, mpakani na Zambia, mto uangukapo zaidi ya meta 200. Bwana Desmond Clark alianza kuona mabaki pale mwaka 1953. Mwaka 2023 Bwana Larry Barham na wenzake walitangaza habari ya magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa kwa makusudi, yenye umri wa miaka 476,000 au zaidi. Maji yaliyoenea ardhini ndiyo yaliyoyahifadhi yasioze. Kaboni haiwezi kupima umri mkubwa hivyo. Walipima chembe za mchanga zilizoyafunika, kujua tangu lini hazijaona jua. Waliochonga magogo yale hawakuwa Wafipa, wala hawakuwa watu wa namna yetu hasa. Lakini walijua kukata pengo katika gogo ili jingine likae.

Hata kwingine duniani wasioandika husomwa hivyo hivyo. Katika nyika za Kanada pana jabali liitwalo Head-Smashed-In, ambapo wenyeji wa kale waliwakimbiza nyati wakaanguka. Mifupa chini ya jabali imepangana kwa tabaka za miaka karibu 6,000, na Wablackfoot wangali wakisimulia habari za uwindaji huo. Jabali lile liliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1981.

Malungu yetu hayana bahati hiyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda vitu na majengo yaliyofanywa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye hayalindwi ila Waziri akiyatangaza. Fikirini basi: tanuru lililojengwa mwaka 1862 limo katika ulinzi, na jirani yake lililojengwa miaka kumi baadaye halimo, nalo mvua hulila, mizizi hulipasua, na mkulima hulisawazisha apande mahindi. Hatumlaumu mkulima; shamba ni lake na njaa ni yake. Twamwomba aache kizunguko cha hatua chache, asiokote mirija wala mavi ya chuma, na ampe habari mwalimu wa kijiji, ili aandike mahali lilipo, kimo chake, na hesabu ya matundu ya chini, apeleke kwa ofisa utamaduni wa wilaya. Wanafunzi wa darasa moja, wakiwa na kamba ya kupimia na daftari, huimaliza kazi hiyo kabla ya jua la saa sita.