Nyungu ya chai: usitupe franka zako bure

Wengi mumeniuliza kama chai ya Wachina ni lazima ipikwe na birika ya udongo ya Yixing. Hapana. Ile inachomwa karibu digrii 1100; nyungu zetu za Kalemie zinachomwa ku moto wa wazi, chini ya hapo, njo maana zinanyonya maji. Yangu ilitoa jasho usiku muzima juu ya meza, mpaka nilipopika ndani uji mwepesi, matundu yakazibika. Haina mdomo, nachota na upawa. Si kitu.

Ku soko, gonga na kidole: ikilia vizuri ni nzima, ikilia "pu" ina ufa. Inusa pia. Ikinuka rangi, acha.

Lakini kuchemsha maji ni kazi ya birika ya chuma, juu ya mbabula, mpaka yatokote kabisa. Chai ya kijani inataka karibu digrii 80, ndiyo, lakini hiyo ni kuyapoza kisha kuchemka, siyo kuyaondoa mapema. Kolera tunaijua hapa kwetu.

Sabuni, hapana: udongo unaikamata, kesho utainywa.